Hesabu ya Kiu

Choo cha soko la Kadutu ni franka mia mbili.
Nalisema hilo mwanzoni, msije mkaniuliza baadaye
kwa nini mwanamke mzima, mzaliwa wa Bukavu,
anayeliona ziwa kutoka dirisha la jikoni,
aliishi miaka kumi na mmoja na midomo iliyopasuka.

Mia mbili kuingia. Na ukinywa asubuhi,
saa nne umeitwa, saa saba umeitwa tena,
ukirudi unakuta mteja wako amehamia kwa jirani,
au mtoto wa watu amejaza mfuko sambaza zako
anateremka nazo ngazi za matope, anacheka.
Basi nilijifunga kinywa kama gunia.

Nauza sambaza wakavu. Wana chumvi,
wana jua la siku tatu ndani yao.
Namwonjea mteja mmoja, namwonjea wa pili,
kiu inapanda shingoni, naimeza.
Kichwa kiligonga kila alasiri; nikasema jua.
Mkojo ukawa chai isiyo na maziwa; nikasema uchovu.

Nsimire, muuza sombe, mkono wangu wa kushoto,
alikuwa na chupa iliyowahi kuwa ya mafuta.
Alikunywa mbele yangu bila haya,
koo likipanda, likishuka,
kisha ananinyooshea: "Kunywa mayi, dada."
"Wewe," nikamwambia, "una mia mbili za kutupa shimoni."
Alicheka tu. Akafuta mdomo kwa kitenge.

Mwezi wa saba, vumbi hadi kwenye kope,
ubavu wangu ukashika moto.
Si maumivu ya kuzaa, hayo nayajua, yana mwisho.
Nilianguka juu ya samaki wangu.
Cirhuza, mbeba saruji, ndiye aliyenipandisha mlima,
kwa bei ya mfuko mmoja, alisema, maana sikuwa mzito.

Masere wa kituo cha afya hakunigombeza.
Siku ya tatu alinionyesha, juu ya pamba,
kijiwe kidogo kuliko jicho la sambaza.
"Mama, hii ndiyo akiba yako."

Elfu tisini, pamoja na sindano.
Nililala nikiangalia dari nikipiga hesabu,
maana hesabu ndiyo kazi yangu:
elfu tisini, gawanya kwa mia mbili,
mara mia nne na hamsini ningeingia chooni
kama mke wa waziri.

Sasa naamka saa nane za usiku robine inapokohoa.
Huja mara mbili kwa wiki, na huja kama mwizi.
Najaza bidoni, nachemsha, makala yanaisha, nalalamika,
nachemsha. Maji yaliyopoa usiku
yana ladha ya sufuria na moshi kidogo.
Nayapenda. Sikujua maji yana ladha.

Nsimire huangalia meza yangu nikienda.
Bashige wa chooni hajanipunguzia hata franka moja.
"Mama Sambaza, leo mara ya tatu!" anapaza sauti, soko zima lisikie.
Na lisikie.

Juzi amekuja binti mpya, anauza maparachichi,
mtoto mgongoni, midomo kama udongo wa kiangazi.
Nikamnyooshea chupa. "Asante, mama, sina kiu."
Lakini nilifuata macho yake:
yalikwenda kwenye mlango wa bati wa Bashige,
yakarudi kwenye maparachichi,
yakahesabu.

Sikumhubiria. Ningemwambia nini,
ambacho mimi sikuambiwa miaka kumi na mmoja?
Nilisukuma chupa hadi katikati ya meza zetu mbili,
na juu ya kizibo
nikaweka mia mbili.