Maji ya Harusi

Mwezi wa nne, mvua za mwisho zikiwa bado juu ya bati,
nilifunga kisima kwa kufuli la shaba,
ufunguo nikautia kwenye pindo la kanga.
Haya ni ya Somoe, nikasema. Asiyaguse mtu.
Hapa Kitangari mchele hununuliwa, mbuzi hukopwa,
hata koo za vigelegele huazimwa kwa jirani;
maji ndiyo yanayotaka mtu ajipange tangu masika.

Nikanunua daftari, kwaya mbili.
Ukurasa wa kwanza: TAREHE.
Hapo nikaacha wazi.
Tarehe yetu haipo kwa shehe wala kwenye kalenda ya ukutani,
ipo chama cha msingi:
Jumamosi ya kwanza baada ya malipo ya mnada wa pili,
Mungu akipenda, na karani akiamka mapema.

Ukurasa wa pili: WATU.
Mjomba wako Mtipa alisema mia mbili. Nikaandika mia nne,
kwa kuwa namjua Mtipa:
hualika hata wanaoulizia njia ya Masasi.

Ukurasa wa tatu: SUFURIA. Tatu za msikitini, mbili za Bi Nalinga
(ile yenye sikio moja ni ya wali mweupe, si ya pilau).
MPISHI: Bi Nalinga mwenyewe.
Sikuacha nafasi ya jina la pili.

Mama mkwe wako akaja na kipande cha sare.
Kijani cha mkorosho, akasema.
Nikakipeleka juani: kijani cha chupa ya soda.
Tulibishana birika mbili za chai na sahani nzima ya ming'oko,
tukaangukia zambarau,
ambayo hakuna kati yetu aliyeipenda.

Nawe ulikuwa ukipuliza salfa kwenye mikorosho ya bibi yako,
ukirudi jioni na kope za njano,
na swali lako lile lile:
"Mama, mimi nipo ukurasa wa ngapi?"
Nilicheka. Nikafunua. Hukuwapo.

Mwezi wa nane bomba likakohoa upepo siku kumi na moja.
Ndoo ikafika elfu moja, muuza maji akaacha kusalimia.
Watu walipita wakilitazama kufuli langu
kama anavyotazamwa anayekula mchana wa Ramadhani.
Nikakaza pindo.

Kisha, alfajiri ya Jumanne, mlango ukagongwa.
Mjukuu wa Bi Nalinga, hana viatu, hana sauti.
Sikumuuliza.
Mkono ulikwenda wenyewe kwenye kanga.

Ndoo thelathini na mbili:
za kumwoshea, za chai ya waliokesha,
za kunawa waliotoka makaburini na udongo kwenye kucha.
Walipikiwa wageni kwa sufuria zake mwenyewe,
wali mweupe, ile ya sikio moja,
na aliyepika aliuunguza kidogo. Tukala kimya,
maana kila mmoja alimsikia angesema nini.

Baada ya matanga nikatumbukiza fimbo kisimani:
ikalowa shibiri mbili.
Kufuli nikaliacha likining'inia wazi,
si kwa ukarimu. Nilichoka kubeba ufunguo.

Basi wakaanza, hakuna aliyetangaza.
Asubuhi ndoo mlangoni, jani juu yake lisimwage njiani.
Kesho mbili.
Usiku mmoja dumu la lita ishirini: mbwa akabweka mara moja,
akamtambua mtu, akalala.
Mjukuu yule alileta kidumu kilichokuwa cha mafuta ya taa.
Nikashukuru, nikayamwagia mchaichai alipokwisha kupinda kona.

Jana mnada wa kwanza umepita. Bei si mbaya, si nzuri.
Nimefungua ukurasa wa tatu. Jina la Bi Nalinga sijalikata;
pembeni nimeandika kwa penseli: binti yake,
aangaliwe kwenye chumvi.
Na ndani ya jalada, kabla hata ya TAREHE,
nimeandika Somoe.

Njoo usome.
Halafu uchukue kile kitambaa cha zambarau, kinachuja,
kinataka kufuliwa kabla ya kwenda kwa fundi.
Na usikifue kwa maji ya kisimani.