Daftari la Kukisia

Saa moja na nusu, na asubuhi ni jina tu.
Huku Vardø, tangu mwisho wa Novemba,
jua limefunga duka lake.
Taa ya jikoni ndiyo alfajiri yetu,
na greda la theluji, likikwaruza barabara,
ndilo linalotuambia kumekucha.

Sverre ana miaka tisa na glovu moja.
Ya pili ipo. Ya pili daima ipo,
kama deni, mahali fulani.
Kitabu cha maktaba tulikikuta nyuma ya friji,
kimevimba, kinanuka samaki,
na barua ya shule ndani yake ikitualika
kwenye mkutano uliokwisha wiki mbili kabla.

Nilijaribu ukali.
Nilijaribu ratiba ya rangi saba,
nikaibandika mlangoni kwa gundi ya vigae,
naye akaipenda mno: akachora nyangumi
pale nilipoandika KUPIGA MSWAKI.

Mwalimu Bergljot hakunilaumu.
Alimimina kahawa, akaniuliza
kama nimewahi kumwuliza mtoto
dakika kumi anazionaje.
"Usimnunulie saa," alisema. "Mpe daftari.
Akisie kwanza, kisha apime.
Na wewe unyamaze."

Ninyamaze! Mimi, ambaye ulimi wangu
ndio kengele ya nyumba hii.

Ukurasa wa kwanza, mwandiko umelala ubavu:

Kuvaa buti. Nakisia: dakika moja.
Kweli: dakika kumi na moja.
(Kamba ilikuwa na fundo. Fundo lilifanana na konokono.
Nilimwonyesha paka.)

Kupanga mkoba. Nakisia: nusu saa,
kwa hiyo sikupanga.

Siku ya pili, chini yake:
Nimepanga. Kweli: dakika nne.

Nikakaa chini, juu ya viatu, pale pale mlangoni.
Nusu saa!
Mlima mzima aliokuwa akiuona kila jioni
na kuukimbia,
kumbe ni kichuguu.

Basi mkoba tukauhamishia usiku.
Tukaupigia msumari wake, kimo cha bega lake,
si kimo cha bega langu.
Glovu nikazishona kwenye uzi mmoja
unaopita ndani ya mikono ya koti,
kama alivyonishonea mama yangu
nami nikaona aibu.
Yeye hakuona aibu. Alizizungusha kama rungu.

Sisemi mambo yalinyooka.
Jumanne moja alikwenda shule
na mkoba uliopangika kama kabati la daktari,
na suruali ya kulalia.

Juzi akanisogezea kalamu. "Na wewe, baba."
Nikaandika: Ngazi ya nyuma, ile iliyovunjika.
Nakisia: wikiendi moja.
Akajaza mwenyewe, kwa wino mwekundu, bila huruma:
Kweli: miaka mitatu, bado.

Nikaandika: Kumpigia simu mama yako.
Hapo sikukisia. Nikafunga daftari.
Alilifungua, akanipimia kwa rula
mstari mtupu,
akaenda kulala.

Leo shule nzima ilipanda kilimani.
Saa sita kasorobo, wazazi nao walialikwa,
kulipokea jua likirudi.
Alikuja nyumbani kunichukua:
kofia kichwani, glovu mbili,
amesimama kizingitini akinitazama
nikigeuza mito ya kochi kutafuta funguo.
"Nilikisia utachelewa dakika tano," alisema.
Nilichelewa saba.

Tulifika tukihema. Watu wameshika vikombe,
watoto wamekaa kimya kwa mara ya kwanza tangu Krismasi,
na kule ukingoni mwa bahari, kitu chekundu,
chembamba kama ukucha.

Usiku huu, yeye amelala,
mkoba unaning'inia msumarini mwake,
nimelifungua daftari.

Jua. Nakisia: dakika nne.
Kweli:
sikupima. Nilikuwa naliangalia.