Nyuzi Themanini na Sita

Mwalimu Eulogia alibisha hodi jikoni saa tatu asubuhi,
akaomba sufuria, akaomba jiko la gesi,
kisha akaniomba na mimi mwenyewe.
Nikafuta mikono. Miaka kumi na mmoja naipikia shule hii ya El Alto,
na hakuna aliyewahi kuniita darasani
ila kuniuliza mbona chakula kimechelewa.

Watoto thelathini na wawili, mashavu yamepasuka kwa baridi,
makoti hayavuliwi hata jua likiwaka.
Kitabu kiko wazi, ukurasa wa arobaini:
*Maji huchemka yafikapo nyuzi mia.*
Wiki nzima nimewasikia wakiikariri, ukuta kwa ukuta.
"Leo hatukariri," akasema. "Leo tunapima."

Limber akapewa kipimajoto, akakishika kama kifaranga.
Yoselin akakaa chini ya saa, akitaja dakika.
Sitini. Sabini na moja. Themanini.
Mapovu madogo yakang'ang'ania ubavuni mwa sufuria,
yakaja makubwa, kifuniko kikaanza kucheza,
nami nikajua, kwa sikio tu, yamechemka.
"Themanini na sita," akasema Limber.
Tukangoja. Themanini na sita.
Akafungulia gesi mpaka mwisho, maji yakaruka kama yaliyochokozwa.
Themanini na sita.
"Kimekufa," akasema, akakigonga kwa ukucha.

Nyuma kule, Fidel mdogo alishafuta.
Aliandika mia, akapulizia vumbi la raba.
Mwalimu akasimama juu yake.
"Mia umeiona wapi?"
"Kitabuni."
"Na kitabu kilikuwa na sufuria?"
Darasa likacheka, na yeye akacheka, masikio yakiwaka.

Ndipo akanigeukia.
"Mama Hilaria, maharage yako huiva kwa muda gani?"
Saa tatu na nusu, nikamwambia, tena yakiwa yamelala majini.
Dada yangu yuko Coroico, bondeni kwenye kahawa,
yake saa moja na robo yameshapondeka;
tangu tuolewe ananiambia sijui kupika.
Nilisema kwa mzaha. Hakuna aliyecheka.
Yoselin akashusha macho kutoka kwenye saa:
"Mpigie simu."

Dada akaazima kipimajoto cha jirani anayekaanga kahawa.
Kesho yake akajibu, akipiga kelele kana kwamba simu haina waya wa kutosha:
"Tisini na nne! Kwani kuna nini?"

Wakabandika karatasi ukuta mzima.
Kwenda juu, joto. Kwenda pembeni, mwinuko wa mahali.
Maharage yangu mawili yakawa nukta, kwa gundi ya unga:
moja letu, mita elfu nne na mia moja,
moja la dada, elfu moja na mia saba.
Limber akashika uzi upande huu, Yoselin upande ule,
wakaukaza juu ya maharage, wakauvuta kushuka,
kupita Coroico, kupita kila bonde tunalolijua kwa jina,
hadi palipoandikwa mita sifuri,
usawa wa bahari ambayo hakuna kati yetu aliyeiona.
Uzi ukagusa mia.
Sawasawa? Kasoro unywele.

Mwalimu hakusema kitu. Alikuwa anavuta kamasi, labda ni baridi.
Fidel ndiye aliyesema, polepole, kidole kwenye uzi:
"Basi kitabu hakikudanganya. Kinakaa chini, ufukweni."

Usiku nikampigia dada.
Nikamwambia habari ya hewa iliyo nyepesi huku juu,
jinsi isivyoyakandamiza maji, yakatoroka kabla hayajapata moto wa kutosha.
Akanyamaza. Akasema, "Na ile supu ya harusi ya Justa?"
Ile, nikakubali, niliiunguza.

Chakula kilichelewa siku ile, na hakuna aliyeuliza kwa nini.
Ila Fidel, aliyerudisha bakuli, akabaki amesimama mlangoni:
"Ukitia chumvi, namba inahama?"
Sijui, mwanangu.
Nikamsogezea kopo na kijiko.