Stika za Gari Namba Kumi na Nne

Sanduku nililishusha kutoka darini Novemba,
mwezi ambao jua la Kemi ni mgeni mwenye haraka:
hubisha hodi, huuliza hali, haketi.
Kwenye kifuniko gari la mbio linaruka kilima,
vumbi nyuma, taa nne mbele kama macho ya panzi.
Ndani, vipande vyote vingali kwenye fremu zake,
hakijakatwa hata kimoja.
Matairi yamekakamaa. Gundi imekuwa jiwe ndani ya tyubu.
Na karatasi ya stika, yenye namba, milia,
majina ya oili na ya plagi,
imegeuka manjano;
si manjano ya ndizi wala ya bizari,
ni manjano ya kidole cha shahada cha baba,
pale sigara ilipokaa miaka thelathini.

Ilmo alilinunua kwa pesa za matunda ya kinamasi,
tuliyochuma pamoja, mbu wakitula,
kiangazi cha sabini na nane.
Akaniambia: Usiguse.
Kisha akaenda Gothenburg kufunga milango ya magari ya kweli,
na mimi sikugusa.
Miaka arobaini na tano nimemtii
mtu asiyenitazama.

Mvumilivu hula mbivu.
Haya, imeiva. Imeiva mpaka imepitiliza,
na kazi iliyonibakia
ni kuirudisha mbichi.

Taisto, fundi saa, aliishika kwa ncha za vidole,
akainusa (kwa nini aliinusa?) akasema:
Usiipake dawa ya kufulia.
Itie kwenye mfuko wa nailoni,
ibandike kwenye kioo cha dirisha la kusini,
sura itazame nje.
Halafu isahau.

Kuisahau!
Desemba haikufanya kitu.
Januari barafu ilichora majani kwenye kioo
na nyuma ya majani ile manjano, ileile, inanikodolea.
Nilikuwa naamka, naitazama kabla ya kuwasha kahawa,
kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Machi ndipo jua lilipoketi.
Lilipiga bahari iliyoganda, likarudi juu,
nikawa na majua mawili katika dirisha moja.
Weupe ulianza pembeni mwa namba,
mwembamba, mfano wa ukucha unaoota.

Jumapili nikampigia.
Ilmo, lile gari lako...
Gari gani?
La sandukuni. Namba kumi na nne.
Nikasikia televisheni yake ikizungumza Kiswidi.
Sikumbuki sanduku, akasema.
Huko kwenu kungali na theluji?

Kungali.

Nikapaka vanishi, tabaka mbili nyepesi,
maana utando mkongwe hukatika majini
kama ngozi ya maziwa.
Maji ya vuguvugu, kisahani cha chai.
Nikahesabu hadi arobaini.
Nne iliteleza nzima, ikakaa mlangoni bila ubishi.
Moja ikapasuka mara tatu.

Usiku kucha, kibano na pumzi iliyozuiwa,
nikiisukuma kwa brashi yenye unywele mmoja,
kipande kwa kipande.
Ukiinama utauona mfupa uliounga vibaya.
Sijamruhusu mtu kuinama.

Jina la oili nililiacha lilivyo.
Lilikuwa kwenye ukingo, selotepu ikalifunika,
jua halikulifikia:
lina manjano yake yote, na alama ya dole gumba
ambalo si langu.

Mei nikaubandua mfuko.
Pazia la mama, bluu, limepauka majira haya,
isipokuwa mstatili mmoja, upana wa kiganja,
palipokuwa na kivuli cha karatasi.
Hapo bado ni bluu ya siku alipolishona.
Nimelikunja pazia hivi, mstatili ukae ndani ya mkunjo,
na gari nimeliweka kabatini,
mbali na dirisha.