Mwanamke wa Dakika ya Kumi na Mbili

Jenereta la Mzee Nalinga likikohoa mara tatu, ukumbi unawaka.
Ukumbi, nasema: mabati, magunia ya korosho yaliyotoboka nyota,
mabenchi saba, na mimi pembeni na kipaza sauti
kilichofungwa utepe mweusi kama kidole kilichoumia.

Lugha ya picha siijui hata salamu yake.
Natazama midomo, natazama bastola,
nasema kinachofaa. Watu wa Chikongola
wamenilipa mia tatu ili nisijue kwa ufasaha.

Leo tena ni mji ule wa taa nyekundu,
mvua isiyojua kukatika, lami inateleza kama ngozi ya mkunga.
Mpelelezi sigara haimtoki mdomoni.
Wanawake wamepangwa nyuma ya vioo kama viatu vya Idi,
na dakika ya kumi na mbili
(ndivyo zilivyo zote, nimezihesabu)
mmoja wao anakutwa ndani ya pipa,
kiatu kimoja ndani, kimoja nje,
ili mpelelezi apate hasira ya kumfikisha mwisho wa picha.

Somoe hukaa karibu na mlango.
Huja saa moja, huondoka saa mbili na nusu.
Msimu wa korosho hauna subira:
malori yamepanga mstari hadi ghalani,
wapimaji, madalali, madereva wa Songea,
kila gesti imeandika IMEJAA kwa mkaa.
Mwisho wa picha hajawahi kuuona hata mmoja.
Usiku ule akaniuliza kwa sauti, mbele za watu:
"We mkalimani. Huyo wa kwenye pipa, jina lake nani?"

Watu wakacheka. Nikakikodolea kioo.
Hawakumpa. Majambazi wanayo matatu matatu,
hata mbwa wa bosi, nalisikia, ana la kwake.
Yeye hana.

Nikameza mate. Nikasema kwenye kipaza:
"Marehemu anaitwa Binuru binti Mkwinda.
Wa Nanyamba. Mama yake ana mikorosho kumi na mmoja,
miwili haizai.
Alikuwa anadaiwa kodi ya chumba.
Harufu ya uraka ilikuwa inamchefua,
na alikuwa akifua anaimba, vibaya."

Nilikuwa naongea juu ya risasi.
Mpelelezi alipiga mlango teke, nikamwacha bubu.
Kijana mmoja akafoka, "Tafsiri ngumi!"
Sauti nyingine, ya mtu mzima: "Mwache amalizie."

Sikuzua yote.
Mwaka juzi, nyuma ya ghala, asubuhi ya mnada,
nilikuwa mmoja wa waliobeba machela kwenda Ligula.
Mvua haikunyesha. Jua lilikuwa la saa tatu, la kawaida,
na taa ya gesti, nyeupe, walisahau kuizima.
Askari akaandika: mwanamke, umri wa kukisia.
Kalamu ikagoma. Akaazima yangu.
Hakunirudishia.
Mpelelezi gani? Saa nne ikatangazwa bei,
tukaenda kusikiliza.

Saa mbili na nusu Somoe akasimama, akajifunga upya mtandio,
akaweka mia tatu juu ya benchi, na mlangoni alishalipa.
"Hiyo ya nini?"
"Ya Binuru. Kesho mtoe kwenye pipa mapema."
"Picha ni ile ile, Somoe."
"Picha yao. Maneno si yako?"

Akatoka. Nikasikia viatu vyake kwenye mchanga,
halafu lori, halafu sikusikia.
Kwenye kioo bado wanapigana juu ya paa.
Benchi zima linanigeukia.
Nimeshika kipaza, sisemi kitu,
natazama mlango.