Eti

Nilisoma habari za saa sita na nusu,
umeme umerudi, jenereta bado inakohoa uani:
moto Nyamugo, nyumba kumi na saba za mbao,
hakuna aliyekufa.
Karatasi ilikuwa safi. Niliiandika mwenyewe.
Mkuu wa zimamoto amethibitisha
kwamba gari lilifika mapema, na maji yake.
Mama Ntakwinja, mshonaji, asema
eti maji hayakuwamo.

Sikuliona.
Lilijikunja kama chawa kwenye mshono wa kola.

Kesho yake akapanda ngazi za redio
amebeba kichwa cha cherehani kilichoungua.
Akakitua mezani, juu ya ratiba ya wiki,
masizi yakachora duara lisilofutika hadi leo.
Hakuketi.
"Mwanangu, hilo eti ni la nani?
Langu si. Mimi nilisema: gari lilikuja,
wakafungua mpira, ukatoa upepo.
Nilisema hayo, nikanyamaza."

Ni neno dogo tu, mama.

"Dogo? Jana jioni tumekaa likelemba,
zamu ilikuwa yangu. Wenzangu wakatazamana.
Wakasema tungoje kwanza,
redio yenyewe haimwamini."

Alipoondoka nilirudisha sauti kwenye mashine
mara nne, mlango nimeufunga.
Halikuwa neno peke yake.
Pua yangu ilikuwamo,
pua ya mtoto wa Muhumba
ambaye bomba la kwao halijawahi kumdai foleni.
Na hapo sikupewa bahasha.
Hakuna mkubwa aliyepiga simu.
Afadhali ingekuwa bahasha,
ningeirudisha.

Zihindula, mhariri, akanipa sekunde thelathini.
"Sahihisha, usilie hewani."
Nikafuta eti. Nikafuta na amethibitisha,
maana nani alithibitisha, na kwa ndoo gani?
Mkuu asema. Mama asema.
Wote wawili kwenye benchi moja,
kitenzi kimoja, bila mto.

Nikasoma. Taratibu, kama mtu anayevuka
mteremko wa Kadutu mvua imetoka kupiga.

Simu ikalia kabla tangazo la sabuni halijaisha.
"Leo umesoma vizuri," akasema.
Nyuma yake nilisikia nyundo, watu wanapiga mabati.
"Ila niambie kitu kimoja.
Kwa yule mkuu ulipita moja kwa moja.
Kabla ya jina langu,
mbona ulivuta pumzi?"