Maji ya Mchele

Nilimwambia Mutheu: shusha kidevu, kiguse kifua.
Akalia. Shingo imekuwa ubao.
Nilipofungua pazia, jua la Kariobangi
likamwasha macho kama kitunguu.

Jirani alisema malaria.
Mwingine: sindano ya mgongo huua.
Chelagat, muuguzi wa zamu, hakubishana.
Alimkunja mwanangu, magoti kifuani,
akamshikia daktari taa,
naye akahesabu pingili kwa kidole gumba.

Yakadondoka matone. Nilitarajia maji ya chemchemi;
yalikuwa maji ya kuoshea mchele.
Hawakungoja maabara. Dawa ikaingia mshipani
saa nane na robo usiku.

Siku ya sita ameomba uji,
akaukataa, hauna sukari.
Nikacheka, nikamwita, nimeketi kushotoni kwake.
Hakugeuka.

Nikahamisha kiti
kulia.